Ua wa Mfalme na Mnyama wa Mungu

Msafiri atokaye Goma kwenda Butembo, akiisha kupita Rwindi, hupanda mlima wa Kabasha. Njia hupinda na kupinda tena, na akifika juu, karibu na Kanyabayonga, akigeuka nyuma huona chini yake uwanda mkubwa wa majani. Uwanda huo ni wa Parke ya Virunga. Sisi wa Luofu twakaa huku juu milimani, mahali ambapo mashamba yamebanana, viazi vya huyu vyagusana na maharagwe ya yule. Kule chini ni nchi tele isiyoguswa na jembe. Kila mtoto wetu amekua akisikia habari za mpaka ule.

Basi vijana wetu huuliza neno, wala si neno la kipumbavu. Husema: «Mtu wa huku akitega kamba akanasa swala mmoja wa Parke, hufungwa. Lakini twasikia ya kuwa katika nchi nyingine tajiri hulipa fedha, akaonyeshwa mnyama aliyefungiwa ndani ya senyenge, akampiga risasi, akapigwa picha pamoja naye, wala hakuna amshitakiye. Je, kosa ni la maskini tu?»

Swali hili lastahili jibu la kweli. Na ili tulijibu vema, yatupasa kwanza kujua neno lenyewe «parke» lilitoka wapi.

Neno na asili yake

Neno hili tumelipata kwa Wabelgiji, nalo ni la Kifaransa. Siku hizi maana yake ni nchi iliyotengwa ili wanyama wakae salama. Lakini zamani huko Ulaya maana yake ilikuwa nyingine. Parke ilikuwa mahali palipozungushiwa ua, au lupango kama tusemavyo huku, ili wanyama wa kuwindwa wasitoroke. Na mnyama mkuu wa parke zile alikuwa ayala, yule ambaye twasoma habari zake katika Zaburi. Ayala ajifananisha na kulungu wetu, ila ni mkubwa zaidi, na dume lake lina pembe zenye matawi kama mti, ambazo huanguka na kuota upya kila mwaka.

Desturi ya kufungia wanyama kwa ajili ya anasa ni ya kale sana. Mrumi mmoja jina lake Varro, aliyeishi kabla ya kuzaliwa kwa Bwana wetu, aliandika kitabu juu ya kilimo na ufugaji. Humo asimulia habari za tajiri Hortensius, aliyekuwa na msitu wenye ukuta pande zote. Siku moja wageni wake walipokuwa wakila, mtumishi mmoja alipiga baragumu, na mara ayala, nguruwe wa mwitu na wanyama wengine wakaja wengi, wakawazunguka. Hawakuogopa, maana walikuwa wamezoezwa kwamba baragumu ni sauti ya chakula. Msomaji alikumbuke baragumu hilo, kwa sababu tutakutana nalo tena.

Baada ya Roma kuanguka, wafalme na mabwana wa Ulaya waliishika desturi hiyo. Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandi, aliiteka Uingereza. Alipenda mno kuwinda, akatenga misitu mikubwa iwe yake. Mkulima hakuwa na ruhusa ya kumwua ayala hata akimkuta akila mazao yake, na aliyemwua aliweza kupofushwa macho. Mabwana nao wakajenga parke zao kwa magogo na mahandaki. Wengine walifanya hila: sehemu ya ua ilijengwa hivi kwamba ayala wa nje aliweza kuruka na kuingia, lakini akiisha kuingia hakuweza kuruka na kutoka. Hivyo mnyama wa wote aligeuka kuwa mali ya mmoja kwa kuruka mara moja tu.

Watu waliteseka kwa sheria hizo zaidi ya miaka mia. Hatimaye mwaka 1217, Henry III akiwa bado mtoto, ilitolewa hati juu ya misitu. Hati ile yasema ya kuwa mtu asipoteze tena uhai wala kiungo cha mwili kwa sababu ya nyama ya mwitu. Atozwe faini, na asiyeweza kulipa afungwe. Miongoni mwa waliotia muhuri juu yake alikuwa Kardinali Guala, mjumbe wa Papa. Yafaa tujue hayo. Chuki ya mkulima juu ya mpaka wa wanyama haikuanza Luofu, na aliyetafuta haki kwa mkulima yule alikuwa pamoja na mtu wa Kanisa.

Kanisa na wawindaji

Miaka miwili kabla ya hati hiyo, yaani mwaka 1215, Mtaguso wa Nne wa Laterano ulikuwa umewakataza mapadri na watumishi wote wa altare wasiwinde kwa ajili ya mchezo, wala wasifuge mbwa na ndege wa kuwindia. Walei hawakukatazwa, kwa maana Kanisa halikufundisha kamwe ya kuwa kumwua mnyama ni dhambi yenyewe kwa yenyewe. Baadaye, mwaka 1567, Papa Pio V alipiga marufuku michezo ya kupigana na mafahali mbele ya watazamaji, akiona kwamba haipatani na utu wema wa Kikristu.

Tena wako watakatifu. Mtakatifu Huberto, aliyekuwa askofu wa Liège katika nchi iitwayo leo Ubelgiji, alikufa mwaka 727, na sikukuu yake ni tarehe 3 Novemba. Watu wa baadaye walisimulia kwamba katika ujana wake alipenda kuwinda kuliko kusali. Siku ya Ijumaa Kuu, watu wakiwa kanisani, yeye alikuwa porini akimfuata ayala mkubwa. Ghafula ayala akasimama, akageuka, na katikati ya pembe zake palikuwa na msalaba unaong'aa. Huberto akashuka farasini, akapiga magoti.

Hii ni hadithi ya wacha Mungu, wala si habari ya kihistoria. Tena ilisimuliwa kwanza juu ya Mtakatifu Eustaki. Lakini yatufundisha jambo. Ayala yule alikuwa huru. Alikuwa na miguu ya kukimbia na msitu wa kukimbilia. Aligeuka kwa hiari yake na kumtazama mwindaji usoni. Kama angalikuwa amefungwa ndani ya ua, hadithi hiyo isingalikuwa na maana yo yote.

Padri aliyechungulia ukutani

Walakini tusiseme haraka kwamba kila ua ni mbaya. Katika nchi ya China, kusini ya Beijing, wafalme wakuu walikuwa na parke ya kuwindia yenye ukuta mrefu, na askari walilinda mtu asiingie. Mwaka 1865 mmisionari mmoja Mfaransa, Padri Armand David wa Shirika la Walazaristi, alipata nafasi ya kuchungulia juu ya ukuta ule. Aliona kundi la ayala wa namna ambayo wenye elimu wa Ulaya hawakuijua. Huko porini walikuwa wamekwisha kabisa. Walisalia ndani ya ukuta wa mfalme tu.

Wachache wao walipelekwa Ulaya. Katika miaka ya 1890 mafuriko yalibomoa ukuta, wanyama wakatoka, wakaliwa na watu wenye njaa. Na katika vita vya mwaka 1900 waliobaki wakauawa. Lakini huko Uingereza Duke wa Bedford aliwakusanya waliokuwa Ulaya, akawaweka ndani ya ua wa shamba lake, wakazaa. Mwaka 1985 wajukuu wao walirudishwa China, hata katika mahali pale pale alipochungulia padri.

Basi mnyama yule aliokolewa na ua mara mbili: ua wa mfalme aliyetaka kumwinda, na ua wa bwana aliyetaka kumhifadhi. Kwa hiyo senyenge si kitu chema wala kibaya. Tutaihukumu kwa kazi inayofanywa ndani yake.

Huku kwetu

Wazee wetu waliwinda ili wale na ili walinde mashamba. Wambuti wa misitu ya Beni na Ituri, wanaowinda kwa nyavu, hufunga wavu kwa wavu mpaka zifanye kama nusu ya duara. Wanaume husimama kwenye nyavu, wanawake na watoto hutokea upande wa pili wakipiga kelele. Mtu aweza kusema: huo nao ni ua. Ni kweli, lakini ni ua ulio wazi upande mmoja. Wanyama wengi hupenya. Atakayenaswa hugawanywa kwa watu wa kambi, na hakuna anayeondoka na kichwa ili akitundike ukutani.

Kisha akaja Bula-Matari. Mwaka 1889 Mfalme Leopold II alitoa amri ya kukataza kuwinda tembo bila ruhusa ya serikali. Mwenyeji akazuiliwa, lakini pembe za ndovu ziliendelea kwenda Ulaya kwa maelfu. Hapo ndipo watu wetu walipojifunza kushuku kila sheria ya wanyama, nao hawakushuku bure.

Mwaka 1921 walifika milima ya Virunga wawindaji wawili tofauti. Wa kwanza alikuwa Wilhelm, mwana wa mfalme wa Sweden, ambaye msafara wake uliwaua sokwe wakubwa 14. Wa pili alikuwa Mwamerika Carl Akeley, fundi wa kutengeneza ngozi za wanyama zionekane kama hai. Naye aliua sokwe, kwa ajili ya nyumba ya maonyesho ya New York. Lakini mtu huyu aliingiwa na uchungu. Aliandika mwenyewe kwamba kidogo tu angejiona kuwa mwuaji. Aliporudi kwao aliwasihi wakubwa milima ile itengwe, wanyama wasiuawe tena. Mfalme Albert I wa Ubelgiji, aliyekuwa amekwisha kuitembelea Parke ya Yellowstone huko Marekani mwaka 1919, aliikubali shauri hiyo. Tarehe 21 Aprili 1925 alitoa amri, na Parke ya Albert ikazaliwa, ya kwanza ya namna yake katika Afrika. Akeley alirudi mwaka 1926 kuendelea na kazi, akafa huko milimani, akazikwa huko.

Hapo neno «parke» lilibadilika maana. Zamani parke ilikuwa mahali pa mfalme kuwindia. Sasa hata mfalme haruhusiwi kuwinda ndani yake. Ni badiliko kubwa, na yafaa vijana wetu walijue. Tajiri akitaka kununua ruhusa ya kumpiga risasi nyati wa Virunga ili afurahi, sheria yamkataza kama inavyomkataza mkulima wa Luofu.

Lakini haki yadai tuseme na upande wa pili. Parke ilipanuliwa mwaka 1929, mwaka ule ule Mapadri Waasumpsionisti walipofika nchi ya Beni, na tena mwaka 1935. Katika kupanuliwa kwake watu walihamishwa, wengine kwa sababu ya ugonjwa wa malale, wengine kwa sababu ya mpaka tu. Nchi ya babu zao ilipita mikononi mwa wengine, na mashauri hayakufanywa nao kama inavyopasa kufanywa na watu wenye haki. Tangu mwaka 1969 Parke yaitwa Virunga, na mwaka 1979 iliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia nzima. Hayo ni heshima. Lakini jeraha la zamani haliponi kwa heshima peke yake, na mzee anayekumbuka shamba la baba yake hasemi uongo.

Uwindaji wa kununuliwa

Sasa turudi kwa tajiri na senyenge yake, maana habari waliyosikia vijana ni ya kweli.

Katika Texas, huko Marekani, yako mashamba ya watu binafsi yaliyozungushiwa senyenge ya futi 8, yaani karibu mita mbili na nusu, ambayo ayala hawezi kuiruka. Humo hufugwa ayala wenye pembe kubwa, na mwindaji hulipa kufuatana na ukubwa wa pembe. Mara nyingi chombo chenye mashine humwaga mahindi saa ile ile kila siku. Ayala husikia sauti yake na kuja kula, na mwindaji amekaa karibu akingoja. Je, msomaji hakumbuki baragumu la Hortensius?

Huko Afrika ya Kusini sheria ya mwaka 1991 yasema kwamba mwenye shamba aliyejenga ua wa kutosha ni mwenye mali ya wanyama wa mwitu waliomo, hata wakitoroka. Yako mashamba makubwa sana, ambamo mnyama aweza kukimbia siku nzima asione waya. Lakini wako pia simba waliozaliwa kizimbani, walionyonyeshwa kwa chupa na mikono ya watu, kisha wakapelekwa mahali penye ua ili wapigwe risasi na mgeni. Simba wa namna hiyo akiona mtu hakimbii, maana amemjua mtu kuwa ndiye mleta chakula. Mwaka 2021 serikali ya nchi ile ilikubali shauri la kuukomesha ufugaji huo.

Nchi jirani zetu zimeshika njia mbalimbali. Kenya ilikataza uwindaji wa mchezo mwaka 1977. Uganda ilianza kuuruhusu tena mwaka 2001, kwa kujaribu, katika mashamba ya ng'ombe karibu na Parke ya Ziwa Mburo. Huko mashamba hayakufungwa kwa ua mrefu. Hesabu ya wanyama wa kuuawa hupangwa, na sehemu ya fedha hupewa wenye nchi, ili mfugaji asimwone pundamilia kuwa mwizi wa majani tu. Watu wema hubishana juu ya jambo hilo. Lakini kila mtu aona tofauti: huko mnyama angali na njia ya kukimbilia, na jirani maskini hakusahauliwa.

Wenye mashamba ya senyenge hujitetea, na tuwasikilize. Husema: «Ng'ombe naye hufungwa zizini, kisha huchinjwa, mbona hamtulaumu juu ya ng'ombe?» Tena husema kwamba nyama yao huliwa, na kwamba bila fedha za wawindaji pori lao lingalilimwa lote. Maneno hayo yana kweli ndani yake. Lakini mchinjaji hadanganyi mtu. Hajiiti shujaa, hamwiti ng'ombe adui, wala hapigi picha akiweka mguu juu yake. Anachinja upesi ili watu wale. Yule mwingine hanunui nyama. Hununua jina la uwindaji pasipo kuwinda, na jina la ushujaa pasipo hatari. Na mnyama aliyefundishwa kumwamini mtu, akauawa kwa sababu ya kuamini kwake, ametendwa kwa hila. Nabii Natani alipotaka kumwonyesha Daudi dhambi yake, alimsimulia habari za mwana-kondoo aliyelelewa nyumbani kama binti, akatwaliwa na tajiri. Daudi aliwaka hasira mara moja. Hata moyo wa mwenye dhambi wajua kwamba hila ya namna hiyo ni uovu.

Katekisimu ya Kanisa yatufundisha kwamba twaweza kuwatumia wanyama kwa chakula na mavazi, na kwamba kuwatesa au kuwaua bila lazima hakupatani na heshima ya mtu mwenyewe. Tuangalie vizuri: heshima ya mtu. Ua wa namna hiyo humnyima mnyama uhai, na humfundisha mtu kufurahia nguvu juu ya asiyeweza kukimbia. Na sisi wa Kivu twajua, kuliko watu wengi wa dunia, mahali ambapo furaha ya namna hiyo humfikisha mwanadamu.

Neno kwa vijana

Basi jibu letu ni hili. Hapana, kosa si la maskini tu. Anayeua kwa fahari ndani ya senyenge ana neno la kujibu mbele ya Mungu, hata kama sheria ya nchi yake haimwulizi.

Lakini tusijihesabie haki mapema. Kamba ya waya tunayotega kule chini ni ua mdogo kuliko zote: humfunga mnyama shingo au mguu, wala haina upande ulio wazi. Haimtambui mwenye mimba wala mtoto. Mara nyingi mwenye kutega harudi kwa siku nyingi, na nyama yaoza bila kuliwa. Torati yamwamuru mtu akutaye kiota amwachilie ndege mama aende zake, waya haiachilii. Katika miaka ya 1970 viboko wa Parke yetu walikuwa karibu 27,000. Mwaka 2005 walihesabiwa chini ya 1,000. Waliouawa hawakuuawa na matajiri wenye kofia za uwindaji. Waliuawa na watu wenye bunduki za vita, na nyama ikauzwa sokoni kwetu, nasi tukanunua. Na walinzi zaidi ya 200, wengi wao baba wenye watoto, wamekufa wakilinda Parke hiyo.

Njaa ni njaa, na mwenye njaa ahukumiwa na Mungu kwa huruma. Haki ya nchi nayo idaiwe, kwa kinywa wazi, mbele ya wakubwa na mbele ya Kanisa, kama ilivyodaiwa mwaka 1217 hata ikaandikwa. Anayetetea mashamba ya watu hana sababu ya kuwachukia wanyama. Na anayetetea wanyama hana ruhusa ya kuwasahau watu wanaolala na njaa juu ya mpaka.

Kwa hiyo kila tuonapo ua, wa mti, wa waya au wa umeme, tuulize kwanza: ndani yake pana nini, uhai unaolindwa au mauti inayouzwa? Tena tuulize ni nani aliyeachwa nje, na kama amepewa haki yake. Parke yetu ilizaliwa siku mwindaji mmoja alipoona haya kwa kazi ya mikono yake. Kama wenye kuitawala wataona haya juu ya shamba la mzee aliyefukuzwa, nasi tukaona haya juu ya waya tunazotega, watoto wa Luofu wataweza kusimama juu ya Kabasha wakautazama uwanda ule bila uchungu.